Mfumo Umekataa

Kata ya Mabatini, wilayani Nyamagana, ni mahali ambapo nyumba zimepanda mlima pamoja na mawe yake, na chini Mto Mirongo unapita kuelekea ziwani. Kwenye steshenari za huko, kama kwenye mitaa mingi ya jiji la Mwanza, kompyuta moja huhudumia watu wengi wasio na kompyuta. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mzazi anayehakiki cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kijana anayewania nafasi ya kazi iliyotangazwa Ajira Portal, wote huketi kando ya mwenye duka na kutaja majibu, naye anachapa. Kauli inayorudiwa sana mbele ya kioo cha kompyuta hiyo ni moja: "Mfumo umekataa." Mteja anakusanya karatasi zake na kuondoka, hana hata wa kumuuliza.

Mfumo haukatai kitu kwa hiari yake. Kuna mtu aliyeandika kwamba jina la kati ni lazima, kwamba barua pepe isijirudie, kwamba tarehe ya kuzaliwa iwe na siku na mwezi. Mara nyingi hata hakuandika. Alikuta masharti yameandikwa na wengine, akayaacha yalivyo. Uamuzi huo hupita kimyakimya siku za mwanzo za mradi, wakati modeli za kanzidata zinapoundwa, na toleo hili la jarida limetengwa kwa ajili yake. Msimamo wa jarida ni kwamba modeli zinazokuja tayari ndani ya viunzi vya kutengenezea tovuti zinapaswa kurekebishwa zifuate maisha ya watu watakaozitumia, na kazi hiyo ifanywe kabla jedwali la kwanza halijaumbwa. Anayesubiri mpaka malalamiko yaje atabaki akibadilisha maneno ya fomu huku kosa limelala chini, kwenye jedwali.

Kwa msomaji asiyeandika programu, mfano wa Django, kimojawapo cha viunzi hivyo, unatosha. Modeli ni maelezo mafupi, kwa lugha ya Python, ya kitu kinachotunzwa: mteja, mgonjwa, mtumbwi, mkopo. Kila modeli huzaa jedwali katika kanzidata, na kila sifa iliyotajwa huwa safu ya jedwali hilo. Kisha kiunzi chenyewe kinaweza kuisoma modeli na kutoa fomu, visanduku vyote vikiwa vimepangwa na masharti yake yamewekwa. Hapo ndipo penye raha ya kazi hii na hatari yake. Mistari michache huokoa siku nyingi za kuandika, lakini dhana moja mbaya ndani ya modeli hujitokeza kwenye kila fomu, kila ripoti na kila skrini ya simu inayotegemea modeli hiyo.

Dhana hizo zina kwao. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ni chombo imara, hakiuzwi, na Afrika Mashariki imekifanya chake: mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Hata hivyo, modeli ya mtumiaji inayokuja nayo bado inamtambua mtu kwa jina la kuingilia, jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe na nywila. Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP kinachotumika sana nchini, kinaanza na jina, nywila, na barua pepe ambayo watu wawili hawawezi kuitumia kwa pamoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachouliza namba ya simu.

Mtu wa Mabatini anajulikana kwa namba ya simu kuliko kwa kitu kingine chochote. Kwa namba hiyo analipa umeme, anapokea mchango wa harusi, anarejesha mkopo wa kikundi. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na kufikia Januari 2020 serikali ilikuwa imetaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole. Barua pepe, kinyume chake, wengi hufunguliwa siku ile ile fomu inapoidai. Mwenye steshenari anaifungua, anatunga nywila, pengine anaiandika nyuma ya risiti. Miezi sita baadaye mfumo unatuma ujumbe muhimu kwenye anwani ambayo mwenyewe haijui, na nywila ikipotea, njia pekee ya kuirejesha inapitia humo humo. Kisanduku kimoja kilichoachwa kama kilivyotoka Kansas kimemfanya mwenye duka kuwa mshika funguo za watu wa mtaa mzima, jambo ambalo yeye hakuliomba.

Dawa yake inajulikana. Tangu toleo la 1.5 la Februari 2013, Django inamruhusu mtengenezaji kuweka modeli yake mwenyewe ya mtumiaji na kutangaza kwamba kitambulisho cha kuingilia ni simu. Kwa miaka mingi nyaraka rasmi za Django zimeshauri kila mradi mpya uanze na modeli yake ya mtumiaji, hata kama ile ya kawaida inaonekana kutosha leo. Sababu inaeleweka: majedwali mengine yote, kuanzia malipo hadi maoni, hujifunga kwenye jedwali la mtumiaji. Kulibadilisha mradi ukiwa katikati ni kufungua kila fundo kwa mkono, data za watu zikiwa humo. Saa moja ya mwanzo hugeuka kuwa wiki nzima ya hofu baadaye, na ndiyo maana makosa ya aina hii hayarekebishwi: kila mtu anayaogopa.

Lakini simu nayo isifanywe mungu mdogo. Laini huachwa, na baada ya muda kampuni humpa namba ile ile mtu mwingine. Mama mmoja huandikisha watoto watatu kliniki kwa namba yake. Bibi hutumia simu ya mjukuu. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara huacha namba ya dukani kwa jirani. Ukiweka sharti kwamba namba ya simu isijirudie katika jedwali la wagonjwa, umemkataza mama huyo kuandikisha mtoto wa pili, na muuguzi, ili kazi iende, atabuni namba. Kanzidata itajaa namba za uongo zilizo sahihi kwa sura. Simu iwe njia ya kuingilia na kupata taarifa. Utambulisho wenyewe ubaki kwenye namba ya ndani ambayo mfumo huizalisha na haibadiliki kamwe.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo somo zuri kuliko yote, na jarida linaomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kijana anayetengeneza mfumo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, anaiona, anasema hii ni namba, anachagua safu ya namba nzima kubwa. Safu hiyo katika kanzidata za kawaida haivuki 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Namba ya mtu yeyote, awe alizaliwa 1950 au 2005, haiingii. Akijaribu kuipitisha kwenye kivinjari kama namba, JavaScript hupoteza uhakika baada ya tarakimu 16 hivi. Na yule mhasibu anayehifadhi orodha ya wanachama kwenye Excel hukutana na balaa lililo kimya zaidi: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na tano zinazobaki huzigeuza sifuri bila kuonya. Watu wawili ambao namba zao hutofautiana mwishoni tu wanageuka mtu mmoja, na orodha ikishahifadhiwa hivyo hakuna wa kuzirudisha tarakimu zilizopotea.

Hakuna anayejumlisha namba za NIDA wala kutafuta wastani wake. Hayo ni maandishi yaliyoundwa kwa tarakimu, na modeli iyatunze kama maandishi, kwa urefu unaojulikana na sharti linalokubali tarakimu peke yake. Ndivyo ilivyo hata kwa simu, ambayo ikitunzwa kama namba hupoteza sifuri ya mbele. Fomu nzuri humruhusu mtu aandike 07 au +255, aweke nafasi katikati au asiweke, kisha yenyewe inasafisha na kutunza sura moja. Kumkaripia mteja kwa sababu ya nafasi tupu ni uvivu wa mwandishi wa programu.

Majina yana ubishi wake. Nyaraka nyingi za Tanzania hudai majina matatu, na asiyekuwa nayo huongeza la babu, au hulirudia la baba. Baadaye cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, kitambulisho kina herufi moja pungufu, na mwenye jina anatafuta wakili wa kumwapisha kwamba watu hao wote ni yeye. Mfumo wa duka la dawa Mabatini hauna sababu ya kuingia kwenye mgogoro huo. Kisanduku kimoja cha jina kamili, kirefu cha kutosha, kinautosha. Majina matatu yaliyotenganishwa yawekwe pale tu mfumo unapolazimika kulinganishwa na NIDA au RITA, na hata hapo modeli ikubali kwamba la kati laweza kukosekana.

Tarehe ya kuzaliwa ni vivyo hivyo. Wako wazee kandokando ya ziwa wanaojua walizaliwa kabla au baada ya mvua kubwa za wakati wa Uhuru, au kwamba walikuwa na watoto wadogo Operesheni Vijiji ilipofika miaka ya 1970. Siku na mwezi hawana. Safu ya tarehe haimkubali mzee wa namna hiyo, kwa hiyo karani humwandikia Januari 1, na mtakwimu wa baadaye atashangaa kuona kijiji kizima kilizaliwa mwaka mpya. Kutunza mwaka katika safu moja, na pembeni safu ndogo inayosema kama tarehe inajulikana kamili, mwezi tu au mwaka tu, ni kazi ya dakika kumi. Inamwepushia mzee uongo na mtakwimu kosa.

Saa, kwa upande wake, haihitaji kuguswa kwenye modeli. Kanzidata iendelee kutunza saa 24 za dunia nzima. Ni fomu inayopaswa kujua kwamba abiria anayesema boti ya Ukerewe inaondoka saa tatu asubuhi anamaanisha 9:00, na kwamba saa mbili usiku ni 20:00. Mtu achague kipindi cha siku kisha saa, na fomu ifanye hesabu kabla ya kutunza. Django ina tafsiri ya Kiswahili ya ujumbe wake mwenyewe, inayowashwa kwa mstari mmoja katika mipangilio, lakini tafsiri hiyo haigeuzi saa, na majina ya visanduku vyako hutayaona kwa Kiswahili usipoyaandika mwenyewe.

Mwaka 2012 uliwafundisha watengenezaji wa mifumo wa Kanda ya Ziwa jambo ambalo vitabu vya Marekani havilitaji. Mkoa wa Geita ulizaliwa, ukichukua maeneo kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Simiyu ukamegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Ilemela ikawa manispaa inayojitegemea. Songwe ukafuata mwaka 2016, na mikoa ikawa 31. Mtu aliyeandika orodha ya mikoa ndani ya programu, kama machaguo ya kudumu, alilazimika kuifungua programu kila ramani ilipobadilika. Mbaya zaidi, aliyebadilisha jina tu aliharibu historia: mtoto aliyezaliwa mjini Geita mwaka 2010 alizaliwa mkoa wa Mwanza, na cheti chake kinasema hivyo. Mkoa, wilaya, kata na mtaa viwe majedwali, kila kimoja kikijua mzazi wake na tarehe uhusiano huo ulipoanza na kuisha. Kwa anwani za Mabatini, ambako njia nyingi ni ngazi katikati ya mawe, jambo hili lina uzito wa pekee. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti 23, iliipa nyumba namba na mtaa jina, na postikodi za mkoa wa Mwanza huanza na 33. Fomu iipokee namba hiyo, lakini iache pia kisanduku cha maelezo, kwa sababu dereva wa bodaboda bado huuliza ni karibu na msikiti upi.

Kuna swali la kitaalamu ambalo waandishi wanaoanza hulikosea sana: sharti liwekwe wapi? Wengi huliweka kwenye fomu na kulala usingizi. Ndani ya Django, modeli inapohifadhiwa moja kwa moja haifanyiwi ukaguzi ule ambao fomu huufanya. Na rekodi zikiingizwa kwa mkupuo, hata njia ya kawaida ya kuhifadhi hurukwa. Mwanza data nyingi haziingii kwa fomu hata kidogo. Zinakuja kwa faili la Excel kutoka zahanati isiyokuwa na mtandao mchana, kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa mfumo mmoja kuzungumza na mwingine usiku. Sharti linaloilinda data, kwa mfano kwamba rejesho la mkopo lisiwe chini ya sifuri, liandikwe kwenye kanzidata yenyewe. Django inaruhusu hivyo tangu toleo la 2.2 la Aprili 2019. Fomu ibaki na kazi yake ya adabu: kumweleza mtu kwa lugha yake ni nini kimekosekana na akirekebishe vipi.

Kosa la upande wa pili ni kuifungulia fomu modeli nzima. Machi 2012 kijana mmoja wa Urusi, Egor Homakov, aliuonyesha ulimwengu hatari hiyo kwa kuingia GitHub yenyewe, tovuti ya kutunzia programu iliyojengwa kwa kiunzi cha Ruby on Rails: aliongeza kwenye fomu kisanduku ambacho haikukionyesha, na mfumo ukakipokea, akajipa haki ya kuandika katika hazina ya programu ya Rails. Tangu hapo viunzi vikubwa vimekaza. Django sasa haitoi fomu ya modeli bila mwandishi kutaja visanduku anavyovitaka au asivyovitaka, ingawa neno moja la kuruhusu vyote bado lipo na bado linatumiwa na wenye haraka. Tabia hiyo ikomeshwe. Kila kisanduku kitajwe kwa jina.

Kutaja kwa jina kunamlazimu mtu kujiuliza kwa nini anauliza. Sensa za Tanzania hazijauliza kabila wala dini tangu ile ya 1967, na nchi imehesabiwa mara tano baada ya hapo bila kupungukiwa. Hata hivyo fomu zilizonakiliwa kutoka nchi nyingine huja na visanduku hivyo, na vijana huviacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023 na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mwenye mfumo anatakiwa kukusanya kile tu anachokihitaji kwa kazi aliyoitangaza. Safu isiyokuwepo haiibiwi.

Wasomaji wengine watauliza: kwa nini kuhangaika na safu, wakati maswali yenyewe yanaweza kutunzwa kama data? Njia hiyo ipo na ilikomaa hapa hapa jirani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na kazi hiyo na mahitaji ya mradi wa UKIMWI wa Eldoret ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004. Moyo wake ni kamusi ya dhana: badala ya kuongeza safu kila daktari anapotaka swali jipya, swali huandikwa kama mstari wa kamusi, na jibu lake mstari wa jedwali la vipimo. Fomu mpya huundwa bila kugusa majedwali. Kwa hospitali ambayo matibabu yake hubadilika kila mwaka, ni uamuzi wa hekima. Kwa ghala la dagaa wa Mwanza lenye maswali kumi na mawili yasiyobadilika, ni mzigo: ripoti huwa ngumu kuandika, masharti magumu kulinda, na kijana aliyeijenga akihama hakuna anayeielewa. Jarida linasimama upande wa safu za kawaida mpaka mtu athibitishe kwamba maswali yake hubadilika kweli.

Mfano wa fomu iliyokatwa ikamtosha mtu uko kwenye usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa sensa ya 2012, Tanzania Bara ni takribani asilimia 13 tu ya watoto hao waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. RITA, pamoja na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ilipeleka usajili kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ikaondoa ada, cheti kikaandikwa kwa mkono papo hapo, na taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, na Mwanza ikawa miongoni mwa iliyofuata. Anayejaza si msajili wa wilaya mwenye meza yake. Ni muuguzi mwenye foleni. Taarifa zilipimwa kwa kidole gumba na kwa muda alionao.

Ombi la jarida linawaendea kwanza wanaolipia mifumo: halmashauri, SACCOS, hospitali, shule, vyama vya wavuvi. Kabla ya kusaini mkataba, mdaini mtengenezaji karatasi moja yenye orodha ya kila safu atakayoitunza, kwa Kiswahili, na mbele ya kila safu aandike nani anaijaza, kwa nini inaulizwa, na nini kitatokea ikikosekana. Ipelekeni karatasi hiyo kwa muuguzi, kwa karani, kwa mwenye steshenari wa Mabatini, na waacheni waichore kwa kalamu nyekundu. Mtengenezaji asiyeweza kuitoa karatasi hiyo bado hajawa tayari kulipwa.